Msemaji na Mkimya katika Igizo Dhima

Igizo dhima ni njia ya kufundishia ambamo wanafunzi hushika nafasi za watu wengine na kuamua jambo kwa niaba yao. Halihitaji jukwaa wala watazamaji. Meza moja na watu wanne au watano watosha. Mchezo wa burudani wa namna hiyo, Dungeons & Dragons, uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ulichapishwa Marekani mwaka 1974. Darasani au katika burudani, tatizo ni moja: wawili husema, waliosalia husikiliza.

Chukua mfano wa darasa la Jiografia wilayani Hanang. Mwalimu anaunda kamati ya kijiji kilicho chini ya mlima. Mvua imenyesha kwa siku nyingi, na kamati yapaswa kuamua kama watu wahame. Kila mwanafunzi anapewa karatasi yenye habari ambayo wenzake hawaijui. Mwenyekiti na mfanyabiashara wanabishana vikali mpaka kengele inalia. Mwanafunzi aliyeshika nafasi ya mchungaji hakusema neno. Karatasi yake ilieleza kwamba ameona nyufa mpya mlimani, na kwamba maji ya kijito yamegeuka tope ghafla.

Hili si jambo la mchezo tu. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuangukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Nyufa ardhini, miti inayoinama na kijito kinachobadilika rangi ni miongoni mwa dalili za maporomoko, na aghalabu huonwa kwanza na yule ambaye kazi yake humpeleka mlimani, si na yule aliyezoea kusema mkutanini.

Kwa nini mkimya hukaa kimya? Mwaka 1921 Carl Jung wa Uswisi alieleza tofauti kati ya watu ambao mawazo yao huelekea nje, kwa wenzao, na wale ambao huelekea ndani ya nafsi zao. Lakini katika Mbulu na Hanang tabia ya mtu peke yake haitoshi kuwa maelezo. Hapa hukutana lugha za asili mbalimbali: Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi, Kidatoga ni cha Kinailoti, Kihadza cha bonde la Yaeda hakina ndugu anayejulikana, na Kiswahili ni cha Kibantu. Mtoto anayetoka katika moja ya lugha hizo za nyumbani husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari kwa Kiingereza. Yamkini anaponyamaza anatafuta neno, wala hakukosa wazo. Tena wako waliolelewa kuona kwamba kumkatiza msemaji ni utovu wa adabu.

Uchunguzi umeonyesha hasara ya kunyamaza huko. Mwaka 1985 Garold Stasser na William Titus waliwagawia wanachama wa vikundi habari tofauti kuhusu wagombea wa uongozi. Vikundi vilijadili zaidi yale ambayo wote walikwisha kuyajua, na mara nyingi vikashindwa kumchagua aliyefaa zaidi. Mwaka 2010 Anita Woolley na wenzake walichunguza watu 699 katika vikundi vya watu wawili hadi watano. Vikundi ambavyo wachache waliyatawala mazungumzo vilifanya kazi vibaya kuliko vile vilivyogawana zamu.

Basi dawa ni ipi? Kumhimiza mkimya kwa maneno hakufai kitu, na kumwita kwa ghafla humtia haya. Kinachofaa ni kanuni ya mchezo wenyewe. Wazee wa wilaya hizi walilijua jambo hilo. Katika slufay, sala na baraka ya Wairaqw, mzee mmoja hutamka na waliohudhuria humwitikia kwa pamoja; msikilizaji naye ana kazi yake. Nao Wabarbaig, kama alivyoeleza George Klima mwaka 1964, walikuwa na baraza la wanawake, girgwageeda gademga, lenye uwezo wa kumtoza faini mwanamume aliyekiuka haki zao. Sauti ya wanawake hao haikungoja hisani ya msemaji hodari. Ilikuwa na baraza lake.

Mwalimu aweza kufuata kanuni nne. Kwanza, habari zigawanywe ili pasiwe na uamuzi sahihi bila mchango wa kila mmoja. Pili, dadu zipange zamu za kusema, kama zinavyopanga zamu za mapigano katika Dungeons & Dragons; anayetaka apite, lakini zamu yake irudi kabla ya uamuzi. Tatu, kabla ya kikao, wanafunzi wazungumze wawili wawili kwa lugha waliyoizoea. Nne, baada ya swali mwalimu angoje. Katika miaka ya 1970 Mary Budd Rowe alipima na kuona kwamba walimu wengi hungoja jibu kwa muda wa sekunde 1 hivi. Walipongoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na waliodhaniwa kuwa wazito wakasema zaidi.

Msemaji naye asizimwe, kwa kuwa bila yeye mchezo hupoa. Apewe nafasi inayohitaji ulimi wake: awe katibu anayewauliza wenzake na kueleza kwa muhtasari walichosema. Hapo ufasaha wake huwa daraja la wengine.

Darasa laweza kulipima jambo hili lenyewe. Kila mchezaji awe na kikombe, na mwanafunzi mmoja atie punje moja ya harage kila mwenye kikombe asemapo. Igizo la kwanza lichezwe bila kanuni, la pili kwa kanuni hizo nne na kwa kisa kingine chenye uzito uleule. Kisha punje zihesabiwe, na liulizwe swali lililo kubwa kuliko hesabu: je, safari hii kamati ilizisikia habari za nyufa?