Ukiwa Susuni, Mafaili Yakiwa Chuoni

Mwanafunzi wa uzamili anayehoji wasichana waliokimbia ukeketaji wilayani Tarime amebeba siri nzito. Mahojiano yakivuja, anayeumia ni binti ambaye jina lake litasomwa na jamaa zake aliowakimbia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inataka taarifa hizo zilindwe. Basi akiwa Susuni, huko Tarime, na mafaili yake yakiwa kwenye seva ya chuo Dar es Salaam au Dodoma, ayafikie kwa njia gani?

FTP, njia ya zamani ya kuhamisha mafaili, aiache. Ilibuniwa 1971, na kwa FTP ya kawaida jina la mtumiaji, nywila na faili lenyewe hupita wazi, kama barua isiyo na bahasha aliyopewa konda wa basi. Chrome na Firefox ziliitupa mwaka 2021.

Hatari hiyo ilishawakuta wanavyuo. Mwaka 1995 nywila zilinaswa zikipita kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland. Mtafiti wa chuo hicho, Tatu Ylönen, akaandika programu ya SSH, inayofumba kila kitu kinachopita, akaigawa bure Julai mwaka huohuo. Kufikia Desemba watumiaji walikadiriwa kuwa 20,000 katika nchi 50.

SFTP, njia nyingine ya kuhamisha mafaili, husafiri ndani ya SSH, nayo ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Mtandao ukikatika katikati ya faili kubwa, programu kama WinSCP inaweza kuendelea pale ilipoishia, bando lisiliwe mara mbili. Anayejua kuandika amri atumie rsync kupitia SSH: faili likibadilika kidogo, hutuma sehemu iliyobadilika tu.

Wengi hukosea mara ya kwanza wanapounganisha. Seva huonyesha alama yake ya utambulisho, mfuatano wa herufi na tarakimu, na kuuliza kama unaiamini. Watu hubonyeza ndiyo bila kusoma, ilhali hapo ndipo seva ya mlaghai ingegundulika. Ichukue alama hiyo kitengo cha TEHAMA kabla hujapanda basi, uilinganishe. Siku kompyuta ikionya kwamba alama hiyo imebadilika, usiandike nywila. Piga simu chuoni kwanza. Bora zaidi, omba kuingia kwa jozi ya funguo: wa hadharani unawekwa kwenye seva, wa siri unabaki kwenye kompyuta yako ukiwa na nywila yake. Seva inayokubali funguo peke yake haiingiliki kwa kubahatisha nywila.

VPN ya chuo, njia iliyofumbwa ya kukuingiza kwenye mtandao wake, inafaa unapohitaji majarida ya maktaba au folda za pamoja za ofisi. Folda hizo hutumia itifaki ya SMB, na SMB isiachwe wazi kwenye intaneti: Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilipenya kwenye dosari yake ikasambaa katika nchi zaidi ya 150. Tena SMB huulizana na seva mara nyingi mno, hivyo kwenye mtandao unaosuasua itakuchosha. Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliwataka watumiaji wa VPN wajisajili, kwa hiyo waulize TEHAMA kuhusu usajili wa ile ya chuo. VPN ya bure ya kupakua kwenye simu haikuingizi chuoni, na mwenye nayo ndiye anayepitishiwa mawasiliano yako yote.

Na kwenye kompyuta ya kafe usiingie kabisa, hata kwa SFTP. Kufumba huko hulinda njiani tu. Programu inayorekodi vitufe huisoma nywila ukiwa bado unaiandika. Afadhali laptopu yako na hotspoti ya simu.