Kampuni ikisema pole badala ya mutusamehe

Waingereza wako na neno moja, «lamely», ambalo lingetusaidia sana sisi wachimbaji. Limetoka kwa «lame», ni kusema mwenye kuchechemea. Mwandishi wa hadithi anatupa maneno ya mutu, kisha anaongeza: alijibu «lamely». Musomaji anafahamu palepale: sababu ile haina nguvu, na huyu aliyeitoa anajua vilevile, sauti imeshuka, macho yanatafuta mulango. Wafaransa nao wanasema «excuse boiteuse». Wenzetu waliovunjika mguu mu kazi watuwie radhi: wao wanachechemea lakini wanafika. Sababu za namna hii hazifiki.

Tunazijua. Mwisho wa mwezi: «Feza iko mu njia.» Jiwe likiangukia mutu: «Hakuvaa kofia.» Na kofia yenyewe hakupewa!

Lakini mufano unaonifundisha zaidi ni wa Australia, mu migodi ya chuma ya Pilbara. Tarehe 24 Mei 2020, kampuni Rio Tinto ilipasua kwa baruti mapango ya Juukan Gorge ili ifikie tani milioni 8 hivi za mawe ya chuma. Ndani ya mapango yale kulikuwa alama za watu za miaka zaidi ya 46.000. Wenye inchi, Wapuutu Kunti Kurrama na Wapinikura, walikuwa wameomba baruti isipigwe. Kisha kampuni ikasema inasikitika juu ya huzuni iliyoleta. Maneno mazuri, sivyo? Siku chache mbele, mukubwa wa kazi za chuma, Chris Salisbury, aliongea na wafanyakazi wake, na sauti yake ikatoka inje. Aliwaeleza kwamba hawakuomba musamaha juu ya kitendo chenyewe, waliomba juu ya huzuni tu.

Hapa Kiswahili chetu kinaona mbali. «Pole» inaangalia maumivu yako. Hata jirani asiye na kosa anakuambia pole. «Munisamehe» inaangalia mukono wangu, kile nilifanya. Kampuni ile ilisema pole pahali pa kusema mutusamehe, na Salisbury akaeleza kwamba ilifanya hivyo kwa kusudi.

Mwezi wa Agosti wakubwa walikatwa bonasi, basi. Hii nayo ilichechemea, na wenye hisa walikataa kunyamaza. Tarehe 11 Septemba ikatangazwa kwamba mukurugenzi mukuu Jean-Sébastien Jacques, Salisbury na Simone Niven wataondoka.

Wadelege, barua ya kampuni ikifika kisha aksida, musianze na salamu za rambirambi. Mutafute pale panasema nani alifanya nini. «Aksida ilitokea» haina mutu ndani: hakuna aliyeamuru watu washuke, hakuna aliyeacha miti ya kushikilia ukuta ioze. Na mama mujane asisaini karatasi kwa haraka juu imeandikwa «pole» mara tatu. Asomewe yote, mbele ya delege, mu luga anayosikia, na aulize: ni nani anaomba musamaha hapa, na juu ya kitu gani?