Ficha kopo la rangi

Baiskeli ya marehemu babu ikitolewa stoo, jambo la kwanza linalowajia wanafamilia ni rangi. Inanunuliwa nyeusi ya kung'aa, inapakwa kuanzia usukani hadi madigadi, na jioni moja tu inatosha kufunika alama za miaka hamsini. Kwa mbali inapendeza. Ukiipanda, bado inalia, bado inayumba na breki hazishiki. Mgonjwa kavishwa nguo mpya bila kutibiwa.

Aliyerithi baiskeli ya namna hiyo anaijua: Raleigh ndefu nyeusi, magurudumu ya inchi 28, breki za fito za chuma badala ya waya, keria pana nyuma. Wakenya huiita Black Mamba. Kuifufua kunawezekana, tena kwa gharama ambayo mfuko wa kawaida unaistahimili, mradi ukumbuke kwamba kinachozunguka hufanywa kipya na kinachoonekana huachwa na uzee wake.

Raleigh ilianzia katika karakana ndogo kwenye mtaa wa Raleigh, Nottingham, Uingereza, miaka ya 1880. Baiskeli zake zilisambaa katika makoloni, na huku kwetu zikabeba makarani, walimu, makatekista na wachuuzi wa samaki. Ukoloni ulipoondoka, umbo lile lilibaki, kwa sababu Phoenix ya Shanghai na Hero ya Ludhiana, India, ziliendelea kuunda baiskeli za mtindo uleule. Kiwanda cha Nottingham kiliacha kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini tairi la 28 kwa moja na nusu bado linauzwa kwenye maduka yetu ya vipuri, na mafundi wanaoijua kazi wapo chini ya miti mjini na vijijini. Anayefufua Raleigh hapa ana bahati ambayo wengi wa Ulaya hawana.

Isome kabla ya kuifungua

Kabla ya kushika spana, ipige picha kwa simu kila upande, hasa mpangilio wa fito za breki. Kisha ioshe kwa maji kidogo, sabuni laini na kitambaa. Petroli na tina visiikaribie fremu, kwani huyeyusha nembo zilizobandikwa kiwandani, na chini ya tope la miaka mara nyingi hujificha mistari ya dhahabu iliyochorwa kwa brashi. Shingoni tafuta nembo ya kichwa cha korongo. Raleigh nyingi zina vichwa hivyohivyo vilivyokatwa kwenye gurudumu la meno la pedeli. Kama ina gia tatu za Sturmey-Archer, futa habu ya nyuma vizuri uone namba zilizogongwa kwenye chuma. Mara nyingi zinataja mwaka: 56 ni 1956. Namba hiyo huonyesha umri wa habu, na kama haijawahi kubadilishwa, umri wa baiskeli nzima.

Kazi yenyewe

Mahali ambapo baiskeli nyingi za zamani huumizwa ni kwenye kotapini, ile kabari ndogo inayobana mkono wa pedeli kwenye ekseli. Imekaa na kutu miongo kadhaa, na fundi mwenye haraka huigonga hewani hadi ipinde. Inyweshe mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili usiku kucha. Asubuhi, simamisha kipande cha bomba chini ya mkono wa pedeli, ncha ya chini ikae sakafuni, ili nguvu ya nyundo iishie ardhini na si kwenye gololi. Pigo moja zito hufaa kuliko madogo ishirini. Pini ikiharibika si hasara, mpya ni ya bei ndogo. Na ukifika kwenye pedeli ya kushoto, kumbuka kwamba hufunguliwa kinyume na nyingine, kwa kuizungusha kama mshale wa saa.

Ndani ya fremu, kwenye ekseli ya pedeli, Raleigh ina gololi za robo inchi, kumi na moja kila upande. Zitupe zote. Ukichanganya mpya na zilizolika, mpya zitabeba uzito wote na kuchimba vikombe. Vikombe vyenyewe visafishe kwa mafuta ya taa uvikague kwenye mwanga. Visivyo na vishimo vinarudi kazini na grisi mpya. Vikihitaji kubadilishwa, kuwa mwangalifu. Raleigh ilitumia hesi 26 kwa inchi, wakati viwanda vingine vingi vya Uingereza vilitumia 24, na tofauti hiyo haionekani kwa macho. Kikombe kipya kisipokubali kuingia kwa vidole kwa mizunguko miwili mitatu, usikilazimishe kwa spana. Hesi ya fremu ikikatwa, hakuna duka litakalokuuzia nyingine.

Habu ya gia tatu haipendi grisi nyingi. Ina tundu dogo lenye kifuniko kwa ajili ya oili nyepesi, na fundi anayeijaza grisi nzito hufanya vibano vya ndani vinate na gia ziteleze.

Breki za fito hukaba ringi kwa ndani, zikivutwa kutoka upande wa katikati ya gurudumu kuelekea nje. Kwa hiyo kazi huanza kwa kunyoosha ringi, kisha kupanga raba ziguse sawasawa pande zote mbili. Hata zikipangwa vizuri, kwenye mvua hushika kwa kuchelewa, kwa sababu raba huteleza juu ya kromu iliyolowa. Huo ndio uwezo wake tangu zilipotoka kiwandani, na mwendeshaji ajipangie mwendo.

Ngozi ya chuma na ngozi ya ng'ombe

Kutu ya juujuu kwenye kromu huondoka kwa karatasi ya aluminiamu iliyoloweshwa siki, kwani aluminiamu ni laini kuliko kromu na haiikwaruzi. Pale ambapo rangi imekwisha na chuma kimebaki wazi, paka nta au oili kidogo uache hivyo. Msasa usiguse kitu.

Uhifadhi una mpaka wake, nao ni usalama. Kutu inayobanduka magamba, uma wa mbele uliopinda, spoki zilizolika na ufa kwenye fremu si kumbukumbu. Spoki hubadilishwa, na uma uliopinda vilevile. Ufa ukiwa kwenye kiungo, tafuta fundi anayechomelea kwa shaba, kwani ndivyo fremu hizi zilivyounganishwa tangu mwanzo. Moto wa umeme ni mkali mno kwa bomba jembamba.

Kiti cha ngozi cha Brooks kikikauka, watu hukizamisha kwenye oili chafu ya gari. Kitalainika, kisha kitabonyea na hakitasimama tena. Kinachotakiwa ni mafuta ya ng'ombe yaliyochanganywa na nta, kwa kiasi kidogo, na nati ya chini ya pua ya kiti ikazwe polepole.

Alama za nani?

Hapa tunaachana na wakusanyaji wa Ulaya. Wengi wao huondoa kila kisichotoka kiwandani ili baiskeli irudi ilivyokuwa siku ilipouzwa. Kwetu, siku hiyo historia ya baiskeli ilikuwa haijaanza. Keria ya nondo iliyochomelewa ili ibebe magunia mawili ya mkaa haikutoka Nottingham, wala bomba la pili lililoongezwa kuimarisha fremu, wala kipande cha raba nyuma ya madigadi chenye maneno ya mafumbo. Mto wa abiria juu ya keria nao ni hivyohivyo, na kwa mto kama huo watu walivushwa mpakani Busia miaka ya 1960, kazi iliyoipa boda boda jina lake kabla ya pikipiki kuingia. Ukiving'oa, umefuta nusu ya maisha ya baiskeli na kubakiza ile ambayo familia yako haikushiriki.

Lakini si kila kilichoongezwa kinastahili kubaki. Kilichowekwa ili baiskeli ifanye kazi zaidi kibaki. Kilichowekwa kuficha kuvunjika, kama waya uliofungwa kwenye uma wenye ufa au kipande cha tairi kilichogeuzwa raba ya breki, kiondoke. Kila unachokiondoa kiweke kwenye kopo pamoja na karatasi inayoeleza kilikaa wapi na kwa nini umekitoa, ili atakayekuja baada yako aweze kubatilisha uamuzi wako.

Ikishakamilika, usiitundike sebuleni. Ngozi isiyokaliwa hukauka, grisi isiyozungushwa huganda, na tairi lililosimama mahali pamoja hupasuka pembeni. Mipango yote hii ya uhifadhi haitafaa kitu kama hakuna anayeipanda, na safari fupi za sokoni ndizo matengenezo ya bei nafuu kuliko yote.