Pointi za hoteli na kupandishwa chumba: yaliyonikuta mimi na mama yangu

Wadau, niko Kaengesa. Baridi ya Ufipa si ya mchezo, naandika haya nikiwa jikoni karibu na moto, sweta mbili mwilini. Nimekuja kumwona mama na kuangalia maharage yamefikia wapi. Wasioijua Kaengesa, ni huku Sumbawanga vijijini, wengi wanaijua kwa sababu ya seminari.

Juzi jamaa niliyesoma naye kanikumbusha kitu ambacho nilikuwa nimekizika. Kaniuliza, "Hivi ile kadi ya hoteli uliyokuwa unatamba nayo, iliwahi kukusaidia nini?" Nikacheka, halafu nikanyamaza. Basi nimeona nielezee jambo lote, kwa sababu najua humu tupo wengi tunaoishi kwa semina na warsha, leo Dodoma, kesho Dar, keshokutwa Nairobi, na mapokezi wanatuandikisha uanachama tunasaini tu bila kusoma.

Kwanza hii kitu imetoka wapi. Wenye ndege ndio walioipa umaarufu. American Airlines walianzisha mpango wao wa maili mwaka 1981, wenye hoteli wakaona biashara hiyo, na mwaka 1983 Holiday Inn na Marriott nao wakaanza. Hesabu yao ni nyepesi. Mtu anayesafiri kikazi halipi kwa fedha yake, analipa mwajiri. Kwa hiyo hoteli haimbembelezi mwajiri kwa bei tu, inambembeleza na yule anayelala kitandani, inampa kitu chake binafsi ili safari ijayo aombe apelekwe palepale. Ujanja wote uko hapo.

Sasa ndani ya mpango kuna vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya kila siku. Kuna pointi, na kuna daraja. Pointi ni kama fedha, unazipata kwa kiasi ulichotumia na unazitumia zinaisha. Kwa Marriott, hoteli zao nyingi zinatoa pointi 10 kwa kila dola, kwa Hyatt ni 5. Ukilala usiku 4 kwenye chumba cha dola 100, hiyo ni pointi 4,000 kwa Marriott. Na wanahesabu bei ya chumba yenyewe, ile kodi ya ongezeko la thamani inayobandikwa juu yake haikuletei kitu. Daraja lenyewe ni jambo jingine. Linatokana na idadi ya usiku uliolala ndani ya mwaka mmoja wa kalenda. Kwa Marriott usiku 10 ni Silver, 25 ni Gold, 50 ni Platinum. Hyatt wana 10, 30 na 60. Daraja hulitumii likaisha, unakuwa nalo mwaka huo na mwaka unaofuata, halafu unaanza kukimbizana upya.

Kupandishwa chumba bure kunatokana na daraja. Kupandishwa kwa kulipia pointi ni mlango mwingine. Nitaeleza yote mawili, ila ngoja kwanza niwape kisa changu.

Mwaka 2023 mama alifanyiwa upasuaji wa nyonga Dar. Alipotoka hospitali daktari akasema asisafiri kurudi Sumbawanga kwanza, ni zaidi ya kilomita 1,100 kwenye basi, akae jirani siku tatu nne aonwe tena. Kwa ndugu yetu tulikofikia choo ni cha nje na kina ngazi. Nikajipiga kifua. Nikamwambia mama usihangaike, mimi ni mwanachama wa hoteli fulani (jina naliacha), mwaka huu peke yake nimelala kwao usiku 26, watatupa chumba kikubwa chenye sebule na bafu la maana. Nilikuwa nimepiga hesabu kwenye daftari kabisa, semina baada ya semina.

Tukafika mapokezi mama yuko kwenye kiti cha magurudumu. Dada wa mapokezi kamwamkia mama vizuri, kaingiza namba yangu kwenye kompyuta, kasoma, kasoma tena. "Kaka, hapa naona usiku 3."

Nilitamani sakafu ipasuke. Ishirini na sita zimekuwa tatu!

Maelezo yake ndiyo yaliyonifungua macho. Vyumba vya semina zetu ofisi yangu ilikuwa inavikata kupitia wakala. Hoteli hizi karibu zote zina sharti moja: ukikata chumba kupitia baadhi ya mawakala wa nje au zile tovuti za kukatia hoteli zote, kwa kawaida hupati pointi na usiku hauhesabiwi. Unalala, unakunywa chai, unaondoka, na kwenye mpango wao ni kama hukuwahi kufika. Sababu ni kwamba yule wakala amechukua kamisheni, na hoteli haitaki kulipa mara mbili kwa mteja mmoja. Halafu kuna zile semina ambazo mwandaaji analipa bili moja ya watu wote. Hapo nako mshiriki mara nyingi hapati pointi. Kampuni hizi zina utaratibu wa kumpa pointi aliyeandaa mkutano. Kwa hiyo inawezekana kabisa miaka yote tuliyokuwa tunakaa kwenye ukumbi tukichora chati mtini na makundi ya majadiliano, kuna mtu mmoja aliyekuwa anavuna kwa niaba yetu. Simtaji mtu, na ule mkataba sikuuona.

Na ule usiku 3 ulitoka wapi? Ni safari moja niliyolipa mwenyewe, harusi ya binamu yangu. Ndiyo hiyo tu iliyohesabiwa.

Hapa niseme ukweli mwingine ambao watu wa Ulaya wanaoandika habari za pointi hawaujui. Kwetu Tanzania mtu akipewa posho ya kujikimu mkononi, hoteli kubwa haimpati. Anaangalia bei ya chumba pale kwenye semina, anaangalia gesti ya elfu thelathini mtaa wa pili, anapiga hesabu ya mabati, anahamia gesti. Nami nimefanya sana, bati za nyumba hii ninayoandikia nusu yake ni posho. Kwa hiyo mtu wa kwetu anayefikisha usiku 25 kwa kulipa mwenyewe, kwa kukata chumba moja kwa moja, na kwa kampuni ileile moja, ni wa kutafuta kwa tochi. Daraja linawapata wale ambao ofisi inawalipia hoteli moja kwa moja na kuwaachia wajaze namba zao.

Turudi mapokezi. Nikaanza kubembeleza, nikauliza kama naweza kulipia kwa pointi. Na hili linawezekana kwa baadhi ya kampuni. Hyatt kwa miaka mingi walikuwa na bei inayojulikana: umelipia chumba cha kawaida kwa bei isiyo ya punguzo, unaongeza pointi 6,000 kwa kila usiku unapewa chumba chenye sebule, kama kipo. Pigeni hesabu nami. Pointi 6,000 kwa mpango wa pointi 5 kwa dola ni sawa na kuwa umeshatumia dola 1,200. Usiku tatu ni dola 3,600. Mwenye pointi 1,500 kama mimi siku ile anaweza tu kuangalia picha ya sebule ukutani.

Ndipo yule dada akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza. "Kaka, mama anahitaji nini hasa?" Nikasema chumba kikubwa. Akasema hapana, anahitaji nini? Nikafikiri. Anahitaji bafu lisilo na beseni la kuruka, mahali pa kushikilia, vitanda viwili, na kiti cha magurudumu kipite mlangoni. Akabonyeza, akasema vile vyumba vikubwa nilivyokuwa navililia vina beseni la kuogea, refu, la urembo, mama angeingiaje? Ila wana vyumba viwili vilivyotengenezwa kwa watu wenye ulemavu, sakafu ya bafu iko sawa, vyuma vya kushika vipo, na bei ni ileile ya chumba cha chini kabisa. Havihitaji daraja wala pointi. Vinahitaji useme.

Mama alipokaa kitandani akaniuliza, "Mwanangu, hizo pointi zako zinaliwa?" Sikujibu.

Baada ya hapo nikaifanyia kazi hii habari kama mtihani. Niliyojifunza ni haya. Lile neno "kama kipo" ndilo lenye mamlaka kwenye karatasi zote hizo. Kwa Marriott mwenye Gold anaahidiwa chumba bora kidogo kama kipo, na vile vyenye sebule vinaanza kuzungumzwa ukiwa Platinum, navyo kama vipo siku unayofika. Anayeamua kipo au hakipo ni hoteli yenyewe. Na hapa muelewe kitu: jengo mara nyingi si la kampuni yenye jina ukutani. Mwenye jengo ni mwingine, amekodi jina na mfumo. Yeye chumba chenye sebule akikupa bure leo, saa mbili usiku akaja mtu na dola mkononi, hasara ni yake. Kwa hiyo anasubiri. Ndiyo maana ukifika saa nne asubuhi ukadai kupandishwa utaambiwa hakuna, ukifika alasiri, wakati waliotoka wameshatoka na vyumba vimesafishwa, jibu linaweza kuwa tofauti. Siku za wiki Dar hoteli za mjini zimejaa watu wa mikutano. Mwisho wa wiki zinapumua.

Na mkisikia "kupandishwa" msifikirie ikulu. Mwaka 2024 nilikaza, nikaomba ofisi tukate vyumba moja kwa moja na kila mtu aandike namba yake, nikafikisha daraja la pili. Mara ya kwanza kupandishwa nilipewa chumba kilekile, ghorofa za juu zaidi, dirisha linaangalia bahari. Kitanda kilekile, kettle ileile. Mtu wa Ufipa nikafungua pazia nikaiangalia bahari dakika tano, nikafunga, nikalala.

Ofisi kukubali haikuwa rahisi pia. Mhasibu aliuliza, na swali lake lilikuwa la haki, kwamba fedha ni ya mradi, faida inakuwaje yako? Tukakubaliana hoteli isichaguliwe kwa ajili ya pointi, bei ishindanishwe kwanza. Ikishapita hapo, namba ijazwe. Mtumishi wa umma aulize kwao kabla, asije akasema aliambiwa na mtu wa Kaengesa.

Kuna jambo la majina pia, limenisumbua mno. Sisi tuna majina matatu. Kadi iliandikwa jina la baba mwishoni, pasipoti ina jina la babu, na anayekata chumba kakuandika jina la ubatizo tu. Kompyuta inaona watu watatu tofauti. Tumia jina kama lilivyo kwenye pasipoti, kila mahali, na siku ya kuondoka usiondoke bila risiti yenye jina lako na bei ya chumba. Usiku usipoingia, ndiyo ushahidi wako.

Pointi nazo zinakufa. Kwa Marriott na Hyatt ni miezi 24 bila kuingiza wala kutumia chochote. Nyingine zinakufa mapema zaidi, soma. Na jina la hoteli likibadilika, umeanza upya. Wa Dar mnaikumbuka Kilimanjaro, ile iliyofunguliwa mwaka 1965. Mwaka 2005 ikafunguliwa upya ikiwa Kempinski, baadaye ikawa Hyatt Regency. Jengo lilelile, lakini uliyoyajenga kwa jina la mwanzo huwezi kuyadai kwa jina la pili. Wakati mwingine inakwenda upande wa heri: Marriott waliinunua Protea mwaka 2014 na Starwood, wenye Sheraton, mwaka 2016, na wanachama wa Starwood wakaunganishwa kwenye mpango mmoja ambao tangu 2019 unaitwa Bonvoy. Hao hawakupoteza pointi zao.

Je, inafaa mtu wa kipato chetu ahangaike? Kama unalala hotelini usiku kumi kwa mwaka, mimi nasema jiandikishe kwa sababu ni bure, jaza namba, halafu usahau. Usilale hoteli ghali ili ufikishe daraja. Nimeona mtu Desemba analipia usiku mbili kwa fedha yake afikishe idadi, ada ya mtoto inasubiri. Hapana. Kule Sumbawanga mjini kuna gesti ambayo mama mwenyewe ananijua, nikipiga simu tu ananiwekea chumba cha upande wa nyuma kisicho na kelele za stendi na ndoo ya maji ya moto saa kumi na moja alfajiri, kabla ya basi. Hana kompyuta. Nimelala kwake mara ngapi sijui, na yeye hajui.

Mwezi wa kumi na moja mama ana kliniki tena Dar. Safari hii nimekata chumba mwenyewe, moja kwa moja, na nimeandika kwenye maombi: bafu la kuingia bila kuruka, vitanda viwili, karibu na lifti. Wamejibu siku ileile kwamba wamekitenga. Kuhusu daraja langu hawakusema kitu, na mama anachotaka kujua ni kama ugali upo au abebe unga.