Tujifunze kwa Chungu

Msafiri atokaye Handeni kwenda Korogwe ana njia mbili: ya kwanza yaenda moja kwa moja, ya pili yazunguka Mkata na Segera. Siku ya kawaida kila dereva aijua iliyo fupi. Lakini mvua ikiiharibu, ni nani wa kumwonya? Ni wale watokao huko. Hivyo ndivyo wafanyavyo chungu, na wataalamu hawakuona haya kujifunza kwao.

Mwaka 1989 wataalamu wa Brussels, Jean-Louis Deneubourg akiwa mmojawapo, walieleza jinsi walivyowapa chungu njia mbili za kwendea chakula, fupi na ndefu. Chungu huacha harufu apitapo. Waliopita njia fupi walirudi upesi. Harufu yake ikazidi, na wenzao wakaifuata. Harufu isiyotiwa upya hufifia. Hakuna aliyetoa amri.

Mwaka 1992 Marco Dorigo, katika chuo kikuu cha ufundi cha Milan (Politecnico di Milano), aliigeuza hekima hiyo kuwa hesabu za kompyuta. Mwaka 1998 yeye na Gianni Di Caro wakatangaza AntNet. Humo wajumbe wadogo hutumwa mtandaoni kupima muda wa safari, kisha hurudi njia ile ile wakiarifu kila kituo. Kituo nacho hupeleka habari nyingi zaidi penye wepesi, bila kuziacha kabisa njia nyingine. Maana njia nyepesi leo yaweza kusongamana kesho.

Tusitie chumvi. Mitandao mingi ingali ikiongozwa kwa kanuni nyingine, na wajumbe hao wenyewe ni mzigo njiani. Lakini funzo lao latuhusu sana. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ikazorota nchini mwetu. Siku kama hiyo mwenye duka, karani na mwanafunzi hukwama pamoja. Ujuzi wa kuchagua njia haufai kitu pasipo njia za kuchagua.

Basi, ndugu wafanyakazi, yatupasa kudai mambo mawili: njia zaidi ya moja, na masikio ya kuwasikiliza wadogo wazipitao kila siku. Mkubwa asiyeuliza habari za njia kwa apitaye atakuja kuulizwa kwa nini msafara umekwama.