Gharama ya Kasi: Jinsi Sonic Alivyoporomoka

Wengi wanapoeleza kuporomoka kwa Sonic, kalunguyeye wa buluu wa kampuni ya Sega, hutaja mchezo mmoja mbaya wa mwaka 2006 na kuishia hapo. Maelezo hayo hayatoshi. Wahusika wengi wa michezo ya video wamewahi kupata toleo baya na wakainuka. Kinachodai maelezo ni kosa lilelile kujirudia chini ya wakurugenzi tofauti na kwenye mashine tofauti kwa zaidi ya miaka 25. Chanzo chake ni hesabu: kasi hula ardhi, na ardhi ya mchezo hutengenezwa kwa mikono ya watu.

Mchezo wa kwanza ulitoka Juni 1991 kwa mashine ya Mega Drive. Nguzo zake zilikuwa watu watatu: Yuji Naka aliandika programu, Naoto Ohshima alimchora mhusika, Hirokazu Yasuhara alipanga hatua za mchezo. Katriji ilikuwa na kilobaiti 512 tu. Ardhi yote ilijengwa kwa vipande vya mraba vya pikseli 256 kwa 256, vilivyochorwa mara moja na kupangwa upya mara nyingi, hivyo kilima kimoja kiliweza kutokea mahali kumi bila gharama kubwa ya ziada. Sonic alikimbia kwa kufuata umbo la ardhi. Mteremko ulimwongezea kasi, mwinuko ulimpunguzia. Mchezaji aliyejua kuilinda kasi hiyo alibaki kwenye njia ya juu. Aliyekosea aliangukia njia ya chini, ndefu na yenye hatari zaidi. Kasi ilikuwa malipo ya ustadi, na hatua moja ilibeba njia kadhaa za kurudiwa tena na tena.

Uchumi huo ulikuwa na tija kubwa. Tom Kalinske, mkuu wa Sega nchini Marekani, aliuweka mchezo huo ndani ya boksi la mashine badala ya mchezo wa Altered Beast na kushusha bei hadi dola 149. Nintendo, iliyokuwa imelitawala soko, ikapata mshindani wa kweli kwa mara ya kwanza.

Kisha michezo ikahamia kwenye michoro ya pande tatu (3D), na hesabu ikageuka. Super Mario 64 ya mwaka 1996 inaonyesha jinsi. Ina maeneo makuu 15, na kila eneo limeficha nyota 7. Mario hutembea, huruka, hupanda na kurudi palepale kwa sababu nyingine, kwa hiyo uwanja mmoja uliotengenezwa kwa shida hutumika mara saba. Sonic hawezi kufanya hivyo akabaki Sonic. Katika pande tatu kila kona inahitaji umbo lake, mwanga wake na njia ya kamera, naye huipita kwa nukta moja. Kazi iliyomchukua msanii wiki nyingi huisha kabla mchezaji hajaitazama. Kuna tatizo la pili: kwenye skrini bapa mchezaji huona mteremko kwa ubavu na kukadiria kasi yake, lakini kamera ikikaa nyuma ya mhusika, kipimo hicho hupotea.

Sega iligundua ugumu huu kwa njia mbaya zaidi. Sonic X-treme, uliokusudiwa kwa mashine ya Saturn, ulitengenezwa Marekani na kikosi kilichogawanyika kati ya injini mbili za programu, kisha ukafutwa. Saturn ikaishi na kufa bila mchezo mkuu mpya wa Sonic.

Suluhisho lililopatikana mwaka 1998 katika Sonic Adventure, kwa mashine ya Dreamcast, ndilo lililopanda mbegu ya yaliyofuata. Mchezo ule ulivutia, na hatua za kukimbia zilikuwa na nguvu ya kweli. Lakini hazikutosha kujaza diski. Pengo likazibwa kwa wahusika sita, wengi wao wakipita upya katika sehemu za ardhi ileile kwa shughuli za polepole: mmoja anachimbua vipande vya zumaridi, mwingine anafyatua risasi, mwingine anavua samaki. Sonic Adventure 2 ya mwaka 2001 ilitenga sehemu kubwa ya hatua zake kwa kutafuta vitu na kuendesha roboti. Sonic Heroes ya mwaka 2003 ilipitisha vikosi vinne katika hatua 14 zilezile. Katika Sonic Unleashed, mwaka 2008, mhusika hugeuka jitu la kupigana usiku, na hatua za usiku ni ndefu kuliko za mchana kwa mbali. Wahakiki waliyaita mambo haya uamuzi wa ajabu, kila moja peke yake. Yakipangwa pamoja, yanaonekana kuwa uamuzi mmoja: mhusika wa kasi anacheleweshwa kwa sababu kasi yake haiwezi kugharamiwa.

Wakati huohuo waliojua kanuni za awali walikuwa wakiondoka. Ohshima aliondoka mwishoni mwa miaka ya 1990, na Yasuhara akafuata. Sega ilitangaza Januari 2001 kwamba inaachana na Dreamcast, ikabaki mtengenezaji wa michezo kwa mashine za wengine. Naka aliondoka mwaka 2006, mchezo wa kuadhimisha miaka 15 ukiwa bado jikoni. Sehemu ya kikosi ikahamishiwa mchezo mwingine wa Sonic kwa ajili ya mashine ya Wii. Tarehe haikusogezwa, kwa kuwa msimu wa mauzo ya mwisho wa mwaka haumsubiri mtu. Kilichotolewa Novemba 2006 kwa Xbox 360 kilijaa hitilafu: kamera iliyokwama, mhusika aliyepenya ardhini, na mazungumzo ya kawaida na raia wa mji yaliyosababisha mchezo kusimama kupakia, kutoa maelezo mafupi, kisha kupakia tena. Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, inaonyesha 46 kati ya 100.

Biashara yenye afya husikia maumivu inapojeruhiwa. Hii haikuyasikia. Shadow the Hedgehog ya mwaka 2005 ilishutumiwa vikali na bado ikauza zaidi ya nakala milioni 1. Mwaka 2007, mara tu baada ya aibu ile, Mario & Sonic at the Olympic Games ulianza kuuzwa, na mauzo yake yakapita milioni 10. Jina liliendelea kulipa hata pale mchezo uliposhindwa. Ilichukua hadi mwaka 2014, michezo miwili ya Sonic Boom ilipouza kwa jumla nakala takriban 490,000, kabla mauzo kuonyesha kile wahakiki walichokuwa wakisema kwa miaka kumi.

Mwaka 2017 ulileta jaribio ambalo ni nadra kulipata katika biashara. Sonic Mania, wa skrini bapa, ulitengenezwa na kikosi kidogo kilichoongozwa na Christian Whitehead, aliyetokea miongoni mwa mashabiki, ukapokelewa vizuri kuliko mchezo wowote wa Sonic kwa miaka mingi. Miezi michache baadaye Sega yenyewe ilitoa Sonic Forces wa pande tatu, wenye hatua nyingi zinazokwisha kwa dakika mbili au tatu, ukalaumiwa kwa ufupi na utupu. Matokeo hayo yanaithibitisha hesabu ya kasi. Hata hivyo, Mania nao ulikuwa na kanda 12, na 8 kati yake zilikuwa za zamani zilizofanyiwa kazi upya.

Filamu za Sonic zinaonyesha kwamba uwezo wa kusikia maumivu haukukosekana kila mahali penye jina hili. Kionjo cha Aprili 2019 kilipochukiza watazamaji, mhusika alichorwa upya, tarehe ikasogezwa hadi Februari 2020, na filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 300. Kikosi cha michezo hakikuwahi kupewa nafasi kama hiyo mwaka 2006. Tangu filamu hiyo, mbili zaidi zimefuata, na jina linazidi kutoihitaji michezo iliyolizaa.

Sonic Frontiers ya mwaka 2022 ilipanua uwanja wa kukimbia, ikauza zaidi ya nakala milioni 3. Hatua zake za kasi halisi, hata hivyo, zimevikwa mandhari manne tu, na nyingi zimefuata ramani za michezo ya zamani. Moja ya mandhari hayo ni Green Hill, hatua ya kwanza kabisa ya mwaka 1991. Imeuzwa tena mwaka 2011 katika Sonic Generations, mara mbili mwaka 2017, mwaka 2022, na tena mwaka 2024 Generations ilipotolewa upya.