Tanuru la piza: anza na moto, si na tanuru



Juma hili tunajibu ulizo la wamama wa kikundi kimoja hapa Bukavu. Wana restora ndogo yenye meza sita. Wanapika fufu, sombe na sambaza za kukaanga. Siku za sherehe na siku ya Mungu, vijana wanaulizia piza. Fedha ya likelemba iko tayari, na wamama wanauliza: tununue tanuru gani?

Kwanza tukumbuke fedha hiyo ni nini. Ni minervali ya watoto mwezi wa tisa. Tanuru likinunuliwa vibaya, hasara si chuma kinacholala kwenye kona tu. Ni mtoto anayefukuzwa darasani.

Sisi wenyewe tulipita njia hiyo. Tulinunua tanuru la umeme linalong'aa, maana muuzaji alisema ndilo la kisasa. Siku ya kwanza kuliwasha, nyumba nzima ikaingia giza. Nyaya zetu zilikuwa nyembamba, na kuzibadilisha kungetugharimu kiasi ambacho hatukuwa nacho. Tuliliuza kwa nusu ya bei. Tangu siku ile tunasema: usianze na tanuru, anza na moto unaoupata kila siku.

Umeme

Tanuru la umeme halina moshi, na joto lake ni rahisi kulipima. Lakini lina njaa kubwa. Plagi ya kawaida ya nyumbani, ya volti 220 na ampea 16, inatoa wati 3 500 hivi tu. Matanuru mengi ya restora yanavuta zaidi ya hapo. Kabla ya kulipa, tafuteni namba ya wati nyuma ya tanuru, muiandike kwenye karatasi, mumpelekee fundi wa umeme aangalie nyaya na mita yenu. Kisha kwa majuma mawili andikeni kila siku umeme umekatika saa ngapi. Ruzizi iko karibu nasi, lakini wateja wanakuja jioni, na jioni ndipo kila nyumba inawasha. Kama giza linaingia mara nyingi saa ya kula, hilo ndilo jibu lenu.

Gazi

Tanuru la gazi linapata joto haraka, na umeme ukikatika kazi inaendelea. Ulizeni mambo mawili: chupa inajazwa wapi, na je, duka hilo linakosa gazi mara ngapi? Chupa iwekwe mahali penye hewa, mbali na moto, isimame wima. Kila mara mnapobadilisha chupa, pakeni maji ya sabuni kwenye mpira na viungo vyake. Mkiona mapovu, gazi inavuja: fungeni, msiwashe kitu.

Kuni

Piza ilikulia Napoli, mji wa Italia ulio karibu na volkano, kama Goma ilivyo karibu na Nyiragongo. Huko wanaioka kwa kuni, katika joto la digri 450 hivi, na inaiva kwa dakika moja na nusu. Tanuru la namna hiyo fundi wetu anaweza kulijenga kwa matofali yaliyochomwa vizuri na udongo. Chini ya sakafu yake aweke tabaka nene la majivu makavu, joto lisipotee ardhini. Msitumie mawe ya mtoni: maji yaliyo ndani yake yanaweza kuyapasua kwa kishindo. Tanuru jipya likaushwe polepole, kwa moto mdogo kila siku kwa muda wa juma moja, la sivyo litapasuka.

Ubaya wake ni huu: linataka saa moja na nusu au mbili kupata joto, hata kama atakuja mteja mmoja tu. Kuni lazima ziwe kavu, na moshi uwe na njia ya kutoka. Na ikiwa ni kuni au makala, msipike kamwe katika chumba kilichofungwa. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na inaua.

Piza ngapi kwa saa?

Tanuru dogo linalooka piza moja kwa dakika nane linaonekana rahisi. Lakini wakiingia watu sita pamoja, wa mwisho atangoja dakika 48. Wa kwanza amekwisha kula, yeye bado anatazama mlango wa jikoni. Tanuru la piza mbili kwa dakika tano litawamaliza wote kwa robo saa.

Hesabu yenyewe

Chukueni kalamu. Bei hizi ni mfano tu, wekeni zenu. Piza inauzwa dola 7. Unga, nyanya, mafuta na fromaji ya Masisi ni dola 4. Zinabaki 3. Moto wa siku ni dola 6, na msaidizi dola 4, jumla 10. Mkiuza piza tano, mnapata 15, mnabakiwa na 5. Tanuru la dola 600 litajilipa baada ya siku 120 za kazi. Mkiuza tatu tu, mnapata 9: kila siku mnapoteza dola moja, na tanuru halijalipwa hata kidogo.

Kwa hiyo, wamama, shauri letu ni hili. Msinunue mwezi huu. Mwombeni mwoka mikate wa karibu awakodishe tanuru lake saa chache siku ya Mungu, akiisha kutoa mikate yake. Uzeni piza majuma manne, mkiandika kila moja. Daftari hilo litawaambia kama wateja wapo kweli, au ni maulizo tu.

Mkiona wapo, nunueni kwa moto mliouhakikisha, nanyi wote mkiwapo siku ya kulipa. Mkiona hawapo, fedha ya minervali ingali kwenye sanduku. Hapo pia mmefanya kazi nzuri.